Sarpagandha: mzizi wa India ulioleta dawa ya presha, na kwa nini usiuchemshe nyumbani

Mfamasia wa Kibosho (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: unga wa "mzizi wa nyoka kutoka India", kijiko asubuhi na kijiko jioni, presha inakwisha kabisa na vidonge vya hospitali unavitupa. Watu kadhaa wamenifuata inbox kuuliza kama ni kweli. Mmea huo upo, unaitwa sarpagandha, na kushusha presha unashusha kweli. Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Tangazo la uongo mtupu litakula hela yako tu. Hili linaweza kukulaza wodini.

Nimeona nishushe uzi mzima kwa sababu habari za mmea huu ni kubwa kuliko hilo tangazo, na kusema kweli naupenda. Kazi yangu ni dawa, na ni mimea michache sana iliyoanzia kwa waganga wa vijijini ikaja kugeuza hospitali za dunia nzima kama huu ulivyofanya. Nitakwenda kwa vipande. Mwenye swali aulize.

Mmea kwanza. Kisayansi ni *Rauvolfia serpentina*. Ni kichaka kifupi, mara nyingi hakivuki goti, kikistawi sana kinakaribia kiuno. Majani hutoka matatu matatu kwenye pingili moja. Maua ni meupe yenye vikonyo vyekundu, na matunda yake madogo yakiiva huwa zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kinapenda kivuli na unyevunyevu: misitu ya chini ya Himalaya, Bihar, Bengal, Assam, kusini hadi Western Ghats, kisha Sri Lanka, Myanmar, Thailand mpaka Java.

Dawa iko mzizini. Mzizi uliokauka ni wa kahawia ya kijivujivu, umekunjamana, umejipindapinda. Ukiuvunja unakatika mara moja, na ndani ni njano iliyofifia. Hauna harufu ya maana. Ukiugusisha ulimi, uchungu wake unaganda mdomoni hata baada ya kusukutua. Jambo ambalo wauza unga hawalisemi ni kwamba sehemu kubwa ya alkaloidi zake (kemikali za mmea zenye nguvu ya dawa) imo kwenye gome la mzizi, si kwenye mti wa ndani. Ukisaga mizizi iliyobanduka gome, umesaga kuni. Ukisaga magome matupu, kijiko kilekile kimebeba dozi kubwa mara kadhaa, na mnywaji hana namna ya kujua kapewa upi.

Nakuja na Ayurveda, tiba ya jadi ya India.

Nyota ya Mrima

Naweka kambi hapa mkuu. Ila swali moja kabla hujaendelea: hao wahenga wa India walikuwa na sayansi kweli, au walibahatisha mpaka wakapatia? Maana mababu zetu hapa wakitaja mti wanaambiwa ni ushirikina, wa India wakitaja mti inaitwa elimu.

Mfamasia wa Kibosho

Mkuu Nyota, swali zuri, na ndiko nilikokuwa naelekea.

Vitabu viwili vikubwa vya Ayurveda ni Charaka Samhita, cha tiba ya dawa, na Sushruta Samhita, kinachosifika kwa upasuaji. Vimekusanywa na kuhaririwa kwa karne nyingi, na sehemu kubwa ya maandishi tuliyonayo ina umri wa karibu miaka 2000. Humo mimea haijatupwa ovyo. Charaka anaigawa makundi manne kwa tabia zake: inayozaa bila maua kuonekana, inayotoa maua ndipo matunda, inayotambaa na kujisokota, na ile inayokufa ikishazaa. Kisha anapanga dawa kumikumi kwa kazi zake, makundi 50: za kushusha homa zina tabaka lao, za kutuliza kikohozi zina lao, na kadhalika.

Lililonivutia zaidi ni namna ya kuchuma. Charaka anaagiza majani na matawi yachumwe majira ya mvua na ya machipukizi. Mizizi ichimbwe wakati wa joto au wa baridi kali, majani ya zamani yakishakomaa na kupukutika. Magome, viazi vya ardhini na utomvu vichukuliwe baada ya mvua kukatika. Sushruta anachagua hadi ardhi: usichukue dawa kwenye vichuguu, kwenye mashimo, mahali pa kuchomea maiti, wala kwenye udongo wa chumvi. Leo tunajua kiasi cha kemikali ndani ya mmea hupanda na kushuka kwa majira, umri na udongo. Wao hawakuwa na mashine ya kupimia, lakini walikuwa wanaangalia na kuandika, kizazi hadi kizazi. Mimi hiyo naiita sayansi.

Kila dawa ilielezwa kwa ladha yake, sifa zake (nzito au nyepesi, kavu au ya mafuta), nguvu yake ya joto au baridi, na kile inachogeuka baada ya kusagwa tumboni. Juu ya hayo waliacha nafasi ya tano, *prabhava*: kazi ambayo mmea unaifanya na ambayo ladha na sifa zake haziwezi kuieleza. Nafasi hiyo naiheshimu sana, maana ni watu waliojua nadharia yao inaishia wapi. Sarpagandha kwa hesabu hiyo ni chungu, kavu, ya joto, inatuliza vata na kapha, mbili kati ya nguvu tatu (vata, pitta na kapha) ambazo Ayurveda inasema zinauendesha mwili. Vata ikichafuka ndiyo humkosesha mtu usingizi na kumtia wahaka, kwa hiyo mzizi ukapangiwa kazi ya kulaza na kutuliza wenye kichaa.

Kichaa chenyewe hawakukichukulia kama kitu kimoja. Vitabu vyao vinakigawa aina tano, tatu kwa vata, pitta na kapha, moja ya mchanganyiko wa zote, na moja inayotoka nje ya mwili. Mgawanyo huo mtaona umuhimu wake mbele.

Hata miti yenyewe ilikuwa na tiba. Kuna elimu inaitwa Vrikshayurveda, yaani Ayurveda ya miti. Mtunzi anayejulikana zaidi ni Surapala, wa karibu mwaka 1000, aliyeandika beti 325 kuhusu kupanda, kumwagilia na kutibu miti. Kwake mti huugua vata, pitta na kapha kama binadamu. Ana mbolea ya maji inayoitwa kunapajala, inayotengenezwa kwa kuchemsha nyama na mafuta ya wanyama na kuiacha ivunde. Nakala ya maandishi yake ilihifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford, na tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1996. Wakulima wa kilimo hai kule India wameirudia hiyo kunapajala.

Sasa kuhusu mababu zetu, Nyota. Charaka mwenyewe anasema wachunga mbuzi, wachunga kondoo, wachunga ng'ombe na watu wa porini wanaijua mimea kwa jina na kwa umbo. Hajawadharau; anakiri wanachokijua. Ila anaongeza kwamba kujua jina na umbo hakumpi mtu ujuzi wa kuitumia. Kisha anasema dawa usiyoijua ni sawa na sumu, silaha, moto na radi, na uliyoijua vizuri ni sawa na kinywaji cha uhai. Kwa hiyo anayeuza unga huu bila kujua dozi, bila kumjua mgonjwa, asijifiche nyuma ya Ayurveda. Ayurveda ilishamkataa zamani.

Kobe Mwepesi

Somo limekaa vizuri. Lakini mkuu, hiyo sarpagandha ndiyo ileile iliyoandikwa na Charaka, au jina tu limefanana?

Mfamasia wa Kibosho

Umenasa penyewe. Jina sarpagandha limo kwenye vitabu vya kale, hasa kwenye dawa za sumu za nyoka, lakini wataalamu wanabishana kama lilikuwa mmea huuhuu. Majina ya mimea huhama, kama hapa kwetu ambako jina moja linaweza kutumika kwa miti mitatu tofauti kati ya Tanga na Lindi.

Lisilo na ubishi ni matumizi ya watu wenyewe. Bihar na Bengal mzizi huu umetumika muda mrefu kwa wenye kichaa, kwa kukosa usingizi, kwa homa na kuhara, na kwa walioumwa na nyoka. Bihar uliuzwa sokoni kwa jina la *pagal ki dawa*, dawa ya kichaa. Akina mama wa kimaskini walilazia watoto kwa huo. Hilo la watoto linanisikitisha, maana ninajua leo unafanya nini kwenye pumzi ya mtoto mchanga.

Wageni waliuona mapema. Garcia da Orta, tabibu Mreno aliyeishi Goa, aliandika mwaka 1563 kuhusu mizizi ya kutibia sumu ya nyoka, na mmoja wapo unadhaniwa kuwa huu. Jina la kisayansi ni la heshima kwa Leonhard Rauwolf, daktari Mjerumani wa karne ya 16 aliyesafiri Syria na Iraq akikusanya mimea. India hakufika kamwe.

Sasa tufike 1931, mwaka ninaoupenda kuliko yote kwenye habari hii.

Mwaka huo mambo mawili yalitokea India, kila moja peke yake. Delhi kulikuwa na chuo cha Ayurveda na tiba ya Kiunani (tiba ya jadi yenye asili ya Wagiriki) kilichoasisiwa na Hakim Ajmal Khan, tabibu mkubwa wa Kiunani na mpigania uhuru. Hakim alitaka dawa za asili zipimwe kwa kemia ya kisasa, akamwita kijana aliyesomea Ujerumani, Salimuzzaman Siddiqui. Hakim alifariki 1927, lakini kazi iliendelea. Mwaka 1931 Siddiqui na mwenzake Rafat Husain Siddiqui wakatangaza alkaloidi tano walizozitoa kwenye mzizi wa sarpagandha. Ya kwanza wakaiita ajmalini, kwa heshima ya Hakim. Ajmalini ipo mpaka leo: madaktari wa moyo huichoma kwa mgonjwa, chini ya uangalizi mkali, kufichua ugonjwa wa Brugada, ule unaoweza kumuua mtu ghafla usingizini huku moyo wake ukionekana mzima. Yaani kila kipimo hicho kinapofanyika, jina la tabibu wa Delhi linatajwa.

La pili lilitokea Calcutta. Gananath Sen, tabibu wa Ayurveda aliyesomea pia udaktari wa kisasa, na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huu ni dawa mpya ya kichaa na presha. Walitoa unga wa mzizi greni 20 hadi 30 mara mbili kwa siku, yaani kama gramu 1.3 hadi 2 kila mara, wakaona mgonjwa analala, ghasia zinapungua, na presha inashuka. Mwaka 1933 Ram Nath Chopra na wenzake wa shule ya tiba za kitropiki Calcutta waliuthibitisha kwa majaribio ya maabara. Mwaka uliofuata kampuni ya Himalaya ikaanza kuuza vidonge vyake vya mzizi, Serpina.

Madaktari wa India wakawa wanaitumia. Dunia ikanyamaza. Miaka 18.

Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alichapisha kwenye jarida la moyo la Uingereza matokeo ya wagonjwa 50 wa presha aliowapa sarpagandha. Safari hii London na Boston walisoma. Robert Wilkins kule Boston akajaribu kwa wagonjwa wake, presha ikashuka, na akaona kwamba walikuwa wanatulia bila kupoteza fahamu. Mwaka 1952 Müller, Schlittler na Bein wa kampuni ya Ciba, Basel, wakaitoa ikiwa safi reserpini, alkaloidi ya mzizi huu inayotuliza na kushusha presha. Akina Siddiqui walikuwa wamepata alkaloidi tano, lakini ile yenye nguvu ya kutuliza ilibaki kwenye utomvu mzito waliouweka kando. Watafiti wa India walishaona kwamba masalia hayo yanalaza wanyama. Ciba wakayafuata hayohayo masalia.

Kobe Mwepesi

Kwa hiyo waliiba. Sema tu wazi mkuu.

Mfamasia wa Kibosho

Nitasema ninavyoona. Deni lipo, na halijalipwa ipasavyo. Vakil alipewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, 1957, stahiki yake. Sen na Bose, walioandika miaka 18 kabla yake, wanatajwa na watu wa historia ya dawa tu. Mganga wa Bihar asiyejulikana jina, aliyewaambia wote hao mzizi ni upi, hana hata mstari.

Lakini siwezi kusema Basel hawakufanya kitu. Kabla ya 1952 daktari alikuwa anapima unga wa mzizi kwa gramu, na kila gunia lilikuwa na nguvu yake. Baada ya hapo aliweza kutoa robo miligramu ya kitu kimoja kinachojulikana. Kwenye dawa ambayo tofauti ya dozi ndogo na dozi mbaya ni miligramu chache, hilo limeokoa watu.

Angalieni ilivyosambaa. Mwaka 1954 Nathan Kline wa New York alitangaza kwamba inatuliza wagonjwa wa akili, na hospitali zilizokuwa zikiwafunga watu zikaipokea kwa pupa. Mwaka 1955 maabara ya Bernard Brodie Marekani ikagundua kwamba reserpini inamaliza akiba ya serotonini, moja ya kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana ujumbe, kwenye ubongo. Baadaye ikaeleweka vizuri: inaziba mlango ambao serotonini, dopamini na noradrenalini hupitia kuingia ghalani ndani ya neva. Zikikosa ghala, zinaharibiwa, na neva inabaki haina cha kutuma. Noradrenalini ikipungua mishipa inalegea, ndipo presha inashuka.

Kisha Arvid Carlsson wa Sweden mwaka 1957. Aliwapa sungura reserpini, wakaganda, masikio yameanguka, hawajongei. Akawachoma L-DOPA, ambayo mwili huigeuza dopamini. Muda mfupi wakainuka wakatembea. Kwa njia hiyo ikafahamika kwamba dopamini ndiyo inayoongoza mwendo, na tiba ya ugonjwa wa Parkinson ya leo imetokana na hapo. Carlsson alipata Nobeli mwaka 2000. Kila mzee anayemeza levodopa (ndiyo hiyo L-DOPA) leo akaweza kushika kikombe anadaiwa kidogo na mzizi huu.

Na presha? Mwaka 1967 Marekani walitoa majibu ya jaribio la wanaume 143 wenye presha kali sana. Nusu yao walipewa dawa tatu pamoja, reserpini ikiwemo. Nusu vidonge visivyo na dawa. Upande usio na dawa yalitokea madhara makubwa 27, upande wa dawa 2. Kabla ya hapo kulikuwa na madaktari waliodhani kuigusa presha ni kumsumbua mgonjwa. Jaribio hilo liliwanyamazisha.

Mama Wawili

Kaka samahani naingilia. Mama yangu ana miaka 67, ana presha muda mrefu, anatumia atenolol na kidonge cha kukojoza. Mwezi uliopita alinunua huo unga kwa mtu aliyepita mtaani. Mwanzoni alifurahi maana vipimo vilishuka. Sasa analala mchana kutwa, pua imeziba kila siku, anaota ndoto za kutisha, na juzi nilimkuta analia peke yake jikoni, nikamuuliza akasema hajui analilia nini. Mama yangu si mtu wa kulia. Inaweza kuwa huo unga?

Mfamasia wa Kibosho

Pole sana dada. Inaweza kabisa. Pua kuziba, usingizi usioisha, ndoto mbaya na huzuni isiyo na sababu ndizo dalili za reserpini zinazojulikana zaidi. Nyingine ni kuharisha, tumbo kuwaka kwa asidi, na moyo kwenda polepole. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kwa mama, kwa sababu atenolol nayo inapunguza mapigo. Mbili pamoja zinasukumana chini.

Fanya hivi leo, usingoje Jumatatu. Unga uachwe. Vidonge vya hospitali asiviache ghafla kwa uamuzi wenu, hasa atenolol. Mpelekeni hospitali, na pakiti ya unga mwende nayo hata kama haina maandishi, mumwambie daktari bila kuficha. Wampime mapigo na presha akiwa amekaa na akiwa amesimama. Mwambieni daktari pia kuhusu kulia. Huzuni ya dawa hii si tabia ya mtu wala si mapepo. Ni ghala la ubongo lililokauka. Enzi dozi zilipokuwa kubwa kuna wagonjwa waliofikia kutaka kujiua. Asiachwe peke yake siku hizi.

Na mjue kwamba mwili hautasafishika kesho. Kazi ya reserpini huchukua siku hadi wiki kuisha baada ya kuacha.

Wengine mnaosoma: asiyetakiwa kabisa kuigusa ni mwenye sonona au aliyewahi kuwa nayo, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, na anayenyonyesha, maana inapita kwenye maziwa na kumziba mtoto pua. Mnaokumbuka aina tano za kichaa pale juu, ndiyo maana yake: mzizi unaomtuliza mwenye ghasia unamzamisha aliyekwisha kuzama.

Mama Wawili

Asante kaka. Tunatoka sasa hivi.

Bin Shomari

Mungu amsimamie mama. Mkuu, hospitali zetu bado zinatoa hiyo reserpini? Sijawahi kuandikiwa.

Mfamasia wa Kibosho

Kwa nadra sana sasa, mzee wangu. Zilikuja dawa zisizogusa ubongo namna ile, kama amlodipine na losartan, zikachukua nafasi. Pia 1974 zilitoka ripoti zilizoihusisha na saratani ya matiti, tafiti za baadaye hazikuthibitisha, lakini jina lilishachafuka. Kwa dozi ndogo, robo miligramu kushuka chini, ikichanganywa na kidonge cha kukojoza, inafanya kazi vizuri na bei yake ni rahisi. Nadhani ilitupwa haraka kuliko ilivyostahili. Ila hiyo ni dozi ndogo, iliyopimwa, kwa mgonjwa anayefuatiliwa, na si kijiko cha chai.

Wa Bukavu

Salamu kutoka Kivu. Ndugu mfamasia, huku kwetu kuna mti ambao wazee wanasema magome ya mizizi yake yalinunuliwa zamani kupelekwa Ulaya kutengeneza dawa za presha. Ni huo huo?

Mfamasia wa Kibosho

Ni binamu yake, ndugu yangu: *Rauvolfia vomitoria*. Biashara ilipokolea, mizizi ya India ilichimbwa hadi misitu ikakaukiwa, na serikali ya India ikazuia kuuza nje mizizi ghafi. Viwanda vikageukia Afrika. Mti wa kwenu ni mkubwa kuliko kichaka cha India, na gome la mzizi wake lina reserpini nyingi zaidi. Congo ikawa miongoni mwa wauzaji wakuu duniani. Kwa hiyo wazee wako wanakumbuka sawasawa. Waganga wa Afrika ya Kati na Magharibi nao wanautumia kwa wenye kichaa na kwa presha, na hawakusoma Charaka. Watu wawili wa mabara mawili waliotazama mimea ya jamii moja wakafikia jibu moja. Nyota, hilo ni jibu lako la pili.

Mangi Mdogo

Sasa mkuu, wewe mtu wa Kibosho umeukwepa msesewe makusudi? Si nao ni Rauvolfia?

Mfamasia wa Kibosho

Sikuukwepa, nilikuwa nangoja mtu wa nyumbani aulize. Ndiyo, msesewe ni *Rauvolfia caffra*, jamii hiyohiyo. Kwa wasioujua: ni mti mrefu unaopenda kando ya mito, na gome lake likikaushwa na kusagwa ndilo linaloipa mbege, pombe yetu Wachagga, uchungu wake, pamoja na ndizi na ulezi. Nimekua nikiona bibi analipima kwa mkono: kiganja kikijaa alikuwa anamwaga kidogo, anaonja, anatikisa kichwa, anaongeza chembe. Ukizidisha mbege hainyweki, na wazee wanasema inalevya vibaya.

Gome hilo lina alkaloidi za ukoo ule, ajmalini mojawapo, kwa viwango vyake. Sisemi mbege inatibu presha, na asitokee mtu kuninukuu hivyo. Pombe ni adui wa presha. Nasema tu kwamba elimu ya kipimo ilikuwa mkononi mwa bibi, na hakuna aliyeiandika. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili imekuwa ikifanya kazi ya kukusanya elimu hiyo tangu 1974 ilipoanza kama kitengo cha utafiti. Mwenye mzee anayejua dawa amkalishe, aandike: mti gani, sehemu gani, majira gani, kiasi gani, na nani asipewe. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayosahaulika.

Mama Wawili

Nimerudi jamani. Mapigo yalikuwa 46. Wamemlaza kwa uangalizi, atenolol wameisimamisha wao wenyewe, wanampima kila baada ya saa chache. Daktari alipoona pakiti alishukuru tulikuja nayo. Mama ameniambia leo ndiyo mara ya kwanza kwa wiki mbili ameona chakula kina ladha. Kaka, Mungu akulipe.

Mfamasia wa Kibosho

Amina dada. Umenipa furaha ya wiki nzima. Wakimruhusu, waulize wanambadilishia dawa gani na arudi lini kupimwa, uandike. Na hiyo huzuni iendelee kuangaliwa hata akiwa nyumbani.

Kobe Mwepesi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mimi nina shamba Muheza, pana kivuli na mvua. Nikitaka kuotesha sarpagandha kibiashara, kuuzia viwanda, inawezekana?

Mfamasia wa Kibosho

Hali ya hewa ya kule inaweza kuufaa, lakini jiandae. Mbegu zake zinaota kwa shida, nyingi hazina uhai hata zikiwa mpya, kwa hiyo wakulima wa India hutumia pia vipande vya mizizi na vya shina. Kuvuna ni baada ya mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, na ukivuna umeng'oa mmea wote. Mizizi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kiambatisho cha pili, tangu 1990, hivyo kuivusha mpaka kunahitaji kibali. Mbegu nazo, kama mbegu za mmea wowote kutoka nje, zipitie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tafuta mnunuzi aliyeandikishwa kabla hujachimba shimo la kwanza, na mkataba wenu utaje kiwango cha alkaloidi kitakachopimwa maabara, maana bei itafuata hicho na si uzito wa gunia.